Redio ya Stefano Iliyosikia Ng'ambo

Wenzangu vijana wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, na nawashukuru. Lakini mmoja wenu, simtaji, alisimama kutoa hotuba akasema watu wa mwambao wa Nyasa wana upungufu wa uzalendo, kwa kuwa hata leo ukiingia majumbani mwao unakuta redio imefunguliwa stesheni ya nchi jirani. Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Nilifika nyumbani uso umenivimba, mke wangu akaniuliza kama mmeniaga au mmenifukuza. Haya ninayoandika yametoka kwenye hasira ile. Vyeo vyangu na mishahara yangu sitavisimulia. Vilikuwa vidogo, na vyote vilichelewa.

Nilifika Mbinga miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, kijana wa Kondoa ambaye hajawahi kuona ziwa wala mti wa kahawa. Nilipangiwa kuwa fundi wa redio za vijiji. Siku ya kwanza nilikabidhiwa bisibisi mbili, koleo, mita iliyopasuka kioo, na chumba kilichojaa redio zilizosubiri kugawiwa. Nikamuuliza fundi mkuu, Bwana Ndunguru, yuko wapi fundi aliyekuwepo kabla yangu. Akasema fundi aliyekuwepo ni yeye, na amechoka.

Bwana Ndunguru alikuwa Mmatengo wa Maguu, mtu mzima, mkavu, asiyependa maneno mengi kabla ya chai. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Chuoni nilifunzwa majina ya vitu tu. Alinikataza kufungua redio kabla sijamuuliza mwenyewe inakaa wapi ndani ya nyumba, nani anaisikiliza, na ilianza kukoroma lini. Alisema redio nyingi nzima zimeuawa na bisibisi. Niliyaona maneno ya mtu mvivu, mpaka nilipoua mbili.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kufunga redio ya kijiji kule Lituhi, ili wananchi wasikie taarifa ya habari na masomo ya wakulima kutoka Dar es Salaam. Nilitundika waya wa shaba kutoka paa la ofisi ya kijiji hadi kwenye mlingoti, nikazika waya wa pili ardhini palipo na unyevu, nikafungua. Wazee wamekaa mbele, akina mama nyuma, kimya. Kikatoka kishindo cha usipa, dagaa wa ziwa lile, wanaokaangwa kwenye mafuta. Ndani ya kishindo hicho mtu alikuwa akisema jambo kuhusu mbolea.

Sikukata tamaa. Nilirefusha waya, nikaupandisha, nikaugeuza. Mchana, kishindo. Jioni sauti iliingia kidogo kisha ikamezwa na stesheni nyingine iliyosema lugha tusiyoijua. Si ajabu. Lituhi imelala chini kando ya maji, na nyuma yake imesimama milima yote ya Umatengo. Sauti ya Dar ilifika huko imechoka, ikagonga mlima, ikapita juu ya vichwa vya watu wale kwenda zake. Mbele yao hakukuwa na kitu ila maji, na ng'ambo ya maji nchi nyingine yenye mitambo yake. Mtu akikaa hivyo, atasikia nini?

Mimi na Bwana Ndunguru tulieleza hayo ofisini, tukaomba kituo kidogo cha kupokezana, cha kuipokea sauti ya Dar na kuirusha tena, kijengwe mlimani. Tulijibiwa kuwa ombi limepokelewa. Badala ya kituo likaja agizo: tuwaorodheshe wanaosikiliza stesheni za nje. Bwana Ndunguru alilisoma, akaitumia karatasi yake kufungia karanga.

Sasa niwaeleze Stefano Nombo. Alikuwa mvuvi wa Lituhi aliyepitia ng'ambo ya ziwa akaenda migodini Afrika ya Kusini akiwa kijana, akarudi na kikohozi, koti zito, na redio yenye FM. Huko alikotoka FM ilikuwepo. Huku kwetu wakati ule hakuna aliyeirusha kwa mtu wa mwambao, kwa hiyo alipogeuza swichi upande huo ilitoa mvumo mtupu. Majirani waliiita redio ya mvua, kwa sababu ililia kama mvua juu ya bati.

Halafu ikafika miezi ya joto. Upepo wa mwera, unaovuma toka kusini na kuzuia vyombo ufukweni, ulilala. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ukatanda juu ya maji bila kusogea. Jioni moja Stefano alikuwa akigeuzageuza kitufe cha stesheni cha redio yake, mvumo ukakatika ghafla, na mtu akasema ndani ya nyumba yake, sauti safi, kama yuko mlangoni.

Ninyi wa FM mnaijua sababu. Kwa kawaida wimbi la FM haliendi mbali. Linakwenda moja kwa moja kama mtu mwenye haraka, likikuta mlima linaishia hapo. Lakini siku za namna ile hewa ya moto hulala juu ya hewa baridi ya ziwa kama mfuniko juu ya sufuria. Wimbi linaloingia chini ya mfuniko huo linateleza hadi mbali kuliko alivyotaka aliyelirusha. Kituo kile cha ng'ambo kiliwekwa kwa ajili ya mji wao tu. Wakati ule hawakujua kuwa Lituhi inawasikia.

Nilipofika mara ya pili Stefano alinipeleka kwake, akafunga mlango, akaniomba nimwambie kama amerogwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamtengenezea antena: mikono miwili ya waya wa shaba, kila mkono urefu wa mkono wa mtu mzima toka begani hadi ncha za vidole, imelazwa juu ya mwanzi mkavu, na ubavu wake umeelekezwa ziwani. Ubavu, vijana, si ncha. Na mwanzi uwe mkavu. Mbichi unakula sauti. Tulipoipandisha, siku nyingi za joto stesheni ile iliingia alfajiri na tena jioni, hata mwera ulipovuma kidogo.

Mke wa Stefano, Mama Agnesi, hakupendezwa na nyimbo. Alisubiri jambo moja: matangazo ya jioni ya wagonjwa na misiba, yaliyorudiwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Waswahili wa kule. Mnajua watu wa mwambao wana ndugu pande zote mbili. Mipaka ilichorwa watu wameshaoana. Binti yao wa kwanza, Agnesi, alikuwa ameolewa ng'ambo. Tangu uhusiano wa nchi mbili ulipoharibika, vyombo vilikuwa haviruhusiwi kuvuka bila kibali, barua hazifiki, na kibali chenyewe ulikiomba kwa watu walioanza kwa kukuuliza una nini cha kwenda kufanya huko. Kwa hiyo jioni wanawake wa Lituhi walikaa kwenye uwanja wa Mama Agnesi na visu vyao, wakimenya muhogo, wakisikiliza nani amefariki. Jina likitajwa, mmoja wao anaweka kisu chini. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Hizo ndizo siasa za kigeni walizokuwa wakisikiliza.

Afisa wetu wa wilaya nitamwita Bwana Mkuu, maana watoto wake wako hai na hawana hatia. Alitoka mkoa mwingine kama mimi, alivaa vizuri, na alizungumza vizuri. Mtu fulani alimpelekea habari kuwa Lituhi kuna chombo cha mawasiliano. Akateremka na gari na mgambo, wakang'oa ule mwanzi, wakachukua redio, wakamchukua na Stefano. Mbinga nzima ikasikia kuwa amekamatwa mtu anayepeleka habari kwa adui.

Niliitwa ofisini kwake. Redio ilikuwa juu ya meza, na mchanga wa Lituhi bado umo kwenye kitambaa cha spika. Aliniomba, kwa upole kabisa, niandike kama mtaalamu kuwa chombo hiki kinaweza kupeleka habari. Nikamwambia hakiwezi. Ni cha kupokea tu.

"Chombo kinachosikia mbali hivyo," alisema, "kinaweza pia kusema mbali."

"Sikio halisemi, Bwana Mkuu."

Aliniangalia kama anayesoma kibao cha njia. Akanikumbusha kuwa mimi ni kijana, kuwa nchi ina maadui, na kuwa watumishi wanaowatetea maadui huwa hawadumu. Nikakataa kuandika. Nilitoka nje, na ushujaa haukuwemo. Nilikuwa nimekasirika tu, kwa sababu mtu alikuwa ananitaka niseme uongo kuhusu kitu ninachokijua kuliko ninavyojijua mwenyewe.

Stefano alibaki mahabusu, uchunguzi ukiendelea. Uchunguzi gani, sijui hadi leo, kwani fundi wa kuchunguza redio Mbinga nzima nilikuwa mimi na Bwana Ndunguru. Bwana Ndunguru alimpelekea chakula na dawa ya kikohozi kila alipoweza, na kila mara aliulizwa ni nani yake. Alijibu ni mteja.

Nikadhani redio imefungiwa stoo. Siku moja Bwana Mkuu akanituma ujumbe nifike nyumbani kwake alasiri na vifaa vyangu, nifunge antena juu ya paa. Nyumba yake ilikuwa kilimani, mahali pa juu kuliko mji, pana upenyo kati ya milima unaotazama machweo, upande wa ziwa. Niliingia sebuleni, nikaiona. Redio ya Stefano ilikuwa juu ya kabati, imepanguswa, imevikwa kitambaa cha kufuma chenye maua.

Aliniona nikiiona, na hakuona haya. Alisema stesheni yenye nyimbo nzuri inaingia na kutoka, hasa jioni, na kwamba amesikia mimi ni hodari wa mambo hayo. Yaani kile kilichomweka Stefano ndani ndicho alichoniitia nikamfungie yeye. Nilipanda paa. Nilikuwa mtumishi, na nilijidanganya kuwa nikifunga antena nitapata sababu ya kuigusa redio ile na kujua hali yake. Nilifunga mikono ya waya, nikashuka, nikachomeka.

Ilikuwa miezi ya joto. Ilikuja safi. Muziki ukaisha, wakaanza matangazo ya jioni. Mke wa Bwana Mkuu, mama mpole aliyenikaribisha chai vizuri, alikuwa ameketi akishona. Msomaji akataja wagonjwa. Kisha akasema: Maria Nombo, mama yake Agnesi, wa Lituhi, popote alipo anaombwa afike haraka, binti yake amejifungua na hali yake ni mbaya sana.

Yule mama akainua kichwa. "Huyo wa Lituhi bado hajaenda tu?" alisema. "Tangu Jumapili wanamwita."

Ilikuwa Jumatano.

Nimewahi kupigwa na umeme mara nyingi kazini. Hakuna uliowahi kunipiga vile. Mama yule hakujua kitu. Hakujua redio ilitoka wapi wala Nombo ni nani, na uso wake ulionyesha hivyo. Lakini mume wake alijua. Hati ya kumweka Nombo ndani aliitia saini yeye. Aliinuka, akazima redio.

Nikamwomba gari. Nikamwomba, kama si gari, basi apige simu ya upepo ya polisi, mtu atumwe Lituhi usiku huohuo. Akasema stesheni za adui hutumia matangazo kama hayo kupitisha ishara za siri, na mtumishi mwenye akili hayafuati. Nikamwambia yeye amekuwa akiyasikiliza tangu Jumapili. Hapo ndipo aliposahau upole.

"Bwana Rajabu," alisema, "hapa kwangu hukusikia kitu. Ukisema ulisikia, utaeleza ulisikilizia wapi."

"Nitaeleza," nikasema.

Niliacha vifaa vyangu kwake. Bisibisi zile sijaziona tena. Nilikwenda kwa Bwana Ndunguru, naye hakuniuliza chochote. Alinipeleka kwa dereva wa lori la kahawa, jamaa yake, aliyekuwa akiondoka kesho yake asubuhi kuelekea Mbuji. Kutoka Mbuji nilishuka kwa miguu, nikipita watu wanaolima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia mvua isiteremshe udongo, kwenye miteremko, nikiwasalimia bila kusimama, jambo ambalo huko ni utovu wa adabu. Nilifika Lituhi viatu vimefunguka nyayo.

Mama Agnesi alikuwa anaanua usipa. Nikamwamkia. Aliniona viatu, akaniona uso, akadhani nimeleta habari za mume wake. Nikamwambia Stefano mzima. Kisha nikamwambia mengine. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Wameanza kuniita lini?"

Ningeweza kusema jana. Nilifikiria hivyo njia nzima ya kushuka. Nikasema, "Tangu Jumapili, mama."

Alikaa chini palepale kwenye mchanga, kati ya samaki. Akatazama mahali ulipokuwa ule mwanzi, ambapo palibaki shimo. Halafu akainuka na kuanza kufunga kanga yake, na wanawake wengine wakaacha kazi zao bila kuambiwa. Mwenyekiti wa kijiji, aliyepaswa kumdai kibali, aliondoka akasema anakwenda kutazama mihogo yake. Namheshimu mtu yule hadi leo. Boti ya wafanyabiashara wa usipa ikashushwa majini. Mwera ulikuwa umelala. Mungu alifanya sehemu yake.

Agnesi alikuwa amezikwa siku moja kabla mama yake hajafika. Mama Agnesi alikuta udongo bado mbichi, na mtoto wa kiume ananyonyeshwa na jirani. Walimweleza kuwa binti yake aliulizia boti kila alipopata fahamu, nao wakamwambia iko njiani, maana walikuwa wametangaza na waliamini mama amesikia. Walijua Lituhi kuna redio, kwa maneno ya wavuvi waliokutana ziwani, lakini habari ya kung'olewa kwake haikuwa imewafikia. Walishangaa kwa nini hakuja. Mama mkwe wake Agnesi hakumpa mkono msibani mpaka alipoelezwa.

Habari hizo alinipa mwenyewe aliporudi. Alinieleza bila kupandisha sauti, mimi nikawa ndiye ninayelia. Kama mwera ungevuma, kama lori lisingepatikana, ningesema bahati mbaya. Lakini hewa ilikuwa shwari tangu Jumapili. Sauti ilivuka ziwa, ikapenya upenyo wa milima, ikafika Mbinga kwa jina lake na kijiji chake. Kila kitu kilifanya kazi. Kilichogoma ni mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti chake akinywa chai.

Niliandika yote mkoani, nikataja nilipolisikia tangazo, kama nilivyomwahidi. Majibu yalikuja. Mimi nilipewa onyo kwa kutoka kazini bila ruhusa na kupoteza vifaa vya serikali. Bwana Mkuu alihamishiwa wilaya kubwa zaidi. Stefano aliachiwa asubuhi moja bila kuelezwa kosa lake wala kwamba hana hatia, aliambiwa aende. Alipoulizia redio akaambiwa hakuna redio. Kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani kabisa, na hakuwahi kurudi majini.

Watu huniambia nisiwe mkali, nyakati zile zilikuwa nyakati zile, nchi ilikuwa changa na vita ilikuwa jirani. Nilikuwepo, sihitaji kukumbushwa. Niliwaona watumishi wa nyakati zilezile wakilala njaa vijijini ili watoto wa wengine wajue kusoma. Nyakati hazikumzima Agnesi. Aliyezima redio alikuwa na mkono na jina.

Miaka mingi baadaye kituo cha kupokezana kilijengwa mlimani, karibu na pale tulipopaonyesha. Bwana Ndunguru alikuwa ameshakufa. Nilitumwa Lituhi kufungua redio mpya ya kijiji mbele ya wageni. Dar es Salaam ikaingia safi kama glasi. Watu wakapiga makofi, mgeni rasmi akasema sasa wananchi wa mwambao wameunganishwa na taifa lao. Mama Agnesi alikuwa ameketi pembeni na mjukuu wake, kijana mkubwa sasa, aliyemleta toka ng'ambo. Nilimwendea, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akanishika mkono, akausikiliza muda mrefu ule wimbo uliokuwa ukipigwa.

"Sasa tunawasikia wa Dar," alisema. "Na wao, wanatusikia?"

"Mtambo huu unapeleka upande mmoja tu, mama," nikamwambia.

"Nilijua," akasema, akamwambia mjukuu wake amsaidie kuinuka.